Kula ni Lazima

Enzi zetu, sisi tulioamia ndege kwenye mashamba ya mpunga kule Mchombe, drafti haikuwa ya kupotezea muda. Aliyefungwa aliamia mashamba mawili, la kwao na la mshindi, na kwelea kwelea hawana huruma: ukisinzia kidogo tu, masuke yamebaki makapi na fimbo inakusubiri nyumbani. Ubao tulichora kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Kete zilikuwa vizibo vya soda, vyangu chali, vya mwenzangu kifudifudi.

Mwenzangu alikuwa Kabula, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao wakalima jirani na sisi. Nilimpenda, lakini sikumwamini. Alikuwa mtaratibu mno, na mama alishanionya kwamba mtu mtaratibu umtazame mikono. Kila alipojikuna kichwa, nilihesabu vizibo upya.

Siku hiyo tuliwekeana dau la wiki nzima. Kabula akasogeza kete moja mbele yangu, niile bure kabisa. Bure? Nikatazama vizuri, nikauona mtego: nikiila hiyo, yeye anakula zangu tatu na kuingia kingi. Nikaiacha, nikasogeza nyingine.

"Kula ni lazima," akasema.

"Nani kasema?"

"Ndiyo sheria yenyewe."

"Labda huko kwenu Usukumani. Hapa mtu anakula akitaka."

Kusema kweli, sheria sikuijua. Nilihisi tu ameitunga papo hapo, na kwa jicho alilonikazia, naye alinihisi hivyo hivyo. Tukaenda kwa baba, aliyekuwa chini ya dungu la kuamia ndege akishona gunia. Kabula akapiga goti: "Shikamoo baba." Baba akaitika, akatusikiliza, kisha akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Alipojibiwa, akacheka.

"Mcheza kwao hutunzwa," akasema. "Hapa kula ni hiari."

Basi nikashinda. Wiki nzima Kabula alikimbia huku na huku akiwapigia ndege kopo lake, mimi niko kivulini natafuna muwa. Alipokuwa kwetu, ndege walishuka kwao. Siku ya nne alikuja na alama za fimbo miguuni. Hakulalamika, na hilo nalo nikalitilia shaka.

Jumapili mama akanituma nikamwite baba kijiweni. Nilimkuta ameinama juu ya ubao wa drafti, anamfokea mwenzake: "Kula bwana! Kula ni lazima, usijifanye hujui!" Kisha akaniona. Akaninunulia andazi. Nikalila lote njiani, na sikumwambia mtu.

Watoto wa siku hizi wanacheza drafti kwenye simu. Ukiacha kula, simu inagoma mpaka ule. Hata kugombana hawajui, masikini. Wanafungwa kimya kimya na mtu wasiyemjua, awe wa Lipangalala au wa Mwanza. Nawacheka sana. Wanangu wananiambia, "Mama, zamani mlikuwa mnapata tabu." Nawajibu hapana, enzi zetu zilikuwa tamu.

Na sisemi uongo, kwangu zilikuwa tamu. Kwa Kabula sijui. Walihama na ng'ombe wao, na mimi mpaka leo sijamwambia.