Magogo ya Darajani

Mke wangu alifia kando ya mto, ng'ambo, upande wa Kabambare, akiwa na mtoto tumboni. Tulikuwa wanaume wanne tumembeba kwenda hospitali kwa tipoye, kile kitanda cha mianzi cha kuchukulia wagonjwa mabegani, kwa sababu magogo ya daraja yalikuwa yameoza na pikipiki hazivuki. Mto ulikuwa umefurika. Tukasubiri maji yapungue. Yalipopungua, hatukuwa na mgonjwa tena.

Kabla ya hapo nilikuwa mpiga rock, pengine wa pekee katika Kasongo nzima. Muziki huo niliupata kwenye kaseti za padri mmoja, nikaupendea kelele zake. Watu walikuja kucheka kuliko kucheza. Walisema gitaa langu linasaga mihogo. Sikujali. Baada ya mazishi wakwe walinikataza kugusa nyuzi mpaka matanga yaondolewe, na nilipozigusa tena sikuwa na hamu ya kumchekesha mtu. Nilifunga amplifaya na jenereta kwenye baiskeli, nikawa napiga palepale darajani kila siku ya soko. Niliimba jambo moja tu, kwamba magogo haya yameua na yataua tena. Hapo ndipo watu walipoacha kucheka.

Walinijibu kwa salongo, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi. Wakristo kwa Waislamu, tuliangusha miti migumu porini tukaivuta kwa kamba, mimi nikiwapigia gitaa wapate mwendo. Daraja likasimama imara. Niliamini nimemlipia mke wangu kisasi. Ujinga mtupu.

Hatukufikiri kwamba ubovu wa daraja ndio uliokuwa ukiwazuia wenye malori. Lilipopona tu, malori ya madini yakaona njia, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha magogo yetu yalikuwa yamekatika katikati. Kuku wa maskini akiangua, mwewe huchukua. Tulikwenda kwa wakubwa wa teritwari, yaani wilaya yetu. Mmoja alitusikiliza kwa upole, akatusifu kwamba sisi ni watu wa mfano, tumeonyesha tunajiweza, basi tufanye salongo nyingine.

Hakuna aliyekuja kwenye salongo hiyo. Siku hizi nikiwasha jenereta, watu wanajitwisha mizigo yao na kuondoka. Siwalaumu. Ni mimi niliyewavutisha magogo, wakapita wengine.

Binti yetu, aliyekuwa bado mdogo mama yake alipofariki, ameolewa ng'ambo ileile. Juzi, maji yakiwa machache, nilipovuka kwa miguu kumtembelea, aliniuliza:

"Papa, daraja iko namna gani?"

"Iko vilevile, mama."

Akashika tumbo lake. Mimba ina miezi minane. Jana niliacha gitaa nyumbani, nikaenda kukata mianzi miwili mirefu. Leo kutwa nimekaa uani nikiikwangua mafundo, yasije yakatuchubua mabega.