Chupa ya Thelathini na Moja

Kiwandani walimwita Kasoro, na hata mlinzi wa getini hakuwahi kujua kama mzee ana jina jingine. Kwa miaka ishirini na tisa kazi yake ilikuwa kuonja bia. Watu wakisikia hivyo humeza mate na kuuliza kama nafasi bado ipo, maana wanadhani ni kazi ya kukaa kivulini na kupiga soga. Laiti wangekiona chumba chenyewe.

Kilikuwa chumba cheupe kisicho na dirisha, kimegawanywa kwa mbao kuwa vijichumba sita, kila kimoja na kiti, sinki dogo na taa nyekundu. Taa ilikuwa nyekundu ili mwonjaji asione rangi ya bia akadanganywa na macho. Vikombe vililetwa vitatu vitatu, vina namba tu. Ilikuwa marufuku kuongea, marufuku kujipaka manukato, marufuku kugusa kitunguu au kahawa kabla ya kazi. Unanusa, unapiga funda moja, unatafuna biskuti kavu, unaandika. Na fomu yenyewe ilikuwa orodha ya kasoro kuanzia juu hadi chini: boksi lililolowa, siagi, mahindi ya kuchemsha, msumari, kicheche. Hicho kicheche ni harufu ya bia iliyopigwa na jua ndani ya chupa, na Kasoro aliweza kuisikia akiwa bado mlangoni. Mahali pa kuandika kama umeipenda hapakuwapo. Siku yake ya kwanza aliuliza, na mkuu wa chumba akamjibu, "Hapa hatukuulizi unapenda nini. Hayo akakuulize mkeo."

Mkewe aliuliza kweli, Mungu amrehemu, na miaka ya mwanzo alilia sana. Anapika, anapakua, anasubiri, na mume anasema, "Chumvi imezidi kidogo," kisha anakula mpaka sahani inang'aa. Baadaye alimsoma mtu wake. Alimwambia mtoto wao, ambaye alikuwa wa pekee, "Baba yako akinyamaza, ujue amefurahi." Kwa maneno hayo nyumba ile iliishi kwa amani miaka mingi, yeye akiwa katikati, akigeuza kunyamaza kwa mume kuwa sifa na kuzipeleka kwa mtoto. Alipofariki, nafasi ile ilibaki wazi na hakuna aliyeikalia.

Mtoto alikua akawa fundi wa kuchomelea vyuma. Akapata kazi kwenye kampuni inayofunga matangi ya viwanda vya bia, na kampuni ikamzungusha nchi hadi nchi huko ng'ambo. Kasoro alistaafu mwaka huohuo. Siku moja mtoto alipiga simu akasema, "Baba, huku kuna bia hujawahi hata kuziota."

"Nitumie," Kasoro akasema. "Ila bandua lebo. Andika namba kwenye kizibo, siri kaa nayo wewe. Sitaki macho yaniharibie kazi."

Basi ndiyo ukawa mchezo wao. Kila baada ya miezi miwili au mitatu boksi lilifika, chupa zimefungwa ndani ya soksi na masweta. Kasoro alizionja saa nne asubuhi, ulimi ukiwa haujachoka, mezani kwake kwenye chumba cha mbele, kisha akamwandikia mwanawe kwenye simu: kwanza kasoro, halafu akakisia nchi. Mwanawe naye alijibu kwa kumwambia lebo ilikuwa ipi.

Ilikuwa safari ya mtu asiyeondoka kitini. Ilikuja bia yenye ukungu, inanukia ndizi mbivu na karafuu, akaandika, "Ngano. Ujerumani, upande wa kusini. Povu zito mno." Mtoto akajibu, "Umepata, baba! Wewe ni mchawi." Ikaja nyeusi kama masizi, ndani yake kahawa na mkate ulioungua. Ikaja yenye moshi, kama imelala juu ya dari la jikoni, na nyingine yenye chumvi na giligilani. Ya kumi na nne ilikuwa chachu ya kukunja uso, akaandika, "Imechacha. Imwagwe." Mtoto akacheka kwa maandishi mpaka skrini ikajaa, akamweleza kwamba hiyo ya Ubelgiji huchachushwa makusudi na matunda, na hungojewa miaka mitatu. "Miaka mitatu wanaharibu bia!" Kasoro akajibu. "Hao wana muda." Hakumwambia kwamba chupa ile aliimaliza yote, na kwamba alikaa na glasi tupu mkononi kwa muda, akiinusa.

Ya thelathini na moja ilikuja peke yake, kwenye boksi dogo, imefungwa kwa taulo. Kasoro aliionja siku hiyohiyo. Kwa bahati mbaya siku hiyo alikuwa na mzaha, na ulimi hauna mfupa. Aliandika: "Siagi. Mahindi ya kuchemsha. Povu limekata tamaa kabla yangu. Aliyepika hii ana haraka, hakuingoja hamira imalize kazi yake. Mwambieni arudi kwenye kazi aliyokuwa akifanya zamani." Alicheka peke yake, akatuma, akangoja kuambiwa lebo.

Jibu lilikuja kesho yake. "Sawa, baba." Lebo hakutajiwa.

Halafu hakikuja kitu tena. Mwezi wa kwanza Kasoro alidhani ni kazi nyingi. Mwezi wa tatu alidhani boksi limepotea. Aliuliza, "Vipi, huko bia zimekwisha?" akajibiwa kwamba mambo ni mengi. Alipopiga simu, mtoto alipokea kwa adabu zake zote, shikamoo baba, hujambo baba, nikupigie baadaye baba, na hiyo baadaye haikufika. Ulipita mwaka mzima na miezi miwili. Alimkumbuka mwanawe mpaka kifua kikamuuma, tena kuuma kwa kweli, siyo maneno ya mtungaji, akaenda hadi hospitali wakampima moyo na kumwambia hana kitu.

Alijaribu kuucheza mchezo peke yake. Alinunua bia tatu za nje dukani, akazivisha soksi, akafumba macho akazichanganya mezani. Lakini mikono yake iliijua kila chupa kwa umbo la mabega yake, na mchezo ukaharibika kabla haujaanza. Ndipo akaenda nyumba ya pili kwa mama fundi cherehani, mjane mwenye maneno, kumwomba aje ammiminie.

"Mimi nikumiminie pombe saa nne asubuhi?" mama akasema, sindano mdomoni. "Majirani watasemaje?"

"Watasema unanimiminia."

Akaja. Akamimina glasi tatu huku kageuza uso pembeni kama anayemsafisha mtoto wa mwenzake, akasimama kumtazama. Kasoro akanusa, akaonja, akatafuna biskuti, akataja nchi tatu na kasoro saba. Nchi zote alizipata. Mama fundi akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza, "Haya, na ipi tamu?"

Kasoro akafungua mdomo. Akaitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Hiyo ya kati haina kosa kubwa," akasema mwishowe.

"Sijakuuliza kosa, nimekuuliza tamu! Mtu mzima amekunywa glasi tatu hajui ipi tamu? Basi heri angekunywa maji." Akarudi zake kwenye cherehani, na Kasoro akamwaga mabaki kwenye sinki.

Dada yake mkubwa alikuja kumtembelea wiki iliyofuata kutoka mji wa mbali alikoolewa. Yeye ndiye shangazi wa mtoto, na mtoto humpigia simu kila Jumapili, jambo ambalo Kasoro hakulijua. Baada ya kula, dada alisimama mbele ya rafu ambako chupa tupu zilipangwa kwa namba.

"Ile ya mtoto ni ipi hapa?"

"Zote za mtoto, dada."

"Nasema ile aliyoipika mwenyewe."

Kasoro hakuelewa. Dada akageuka, akamtazama usoni, akaona kwamba kweli mdogo wake hajui kitu. Akaketi na kumweleza polepole. Mtoto aliacha kuchomelea. Alikuwa akifunga tangi kwenye kiwanda kidogo huko, mwenye kiwanda akampenda, akamchukua amfundishe kupika bia. Aliosha mapipa miezi minane. Ndipo akaruhusiwa apike pipa moja, lake mwenyewe, kwa mapishi yake. Siku hiyo sufuria lilimponyoka, maji ya kimea yaliyokuwa yakichemka yakamuunguza mkono, lakini hakuacha, alipika mpaka mwisho. "Chupa ya kwanza kabisa akakuwekea wewe," dada akasema. "Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameionja. Nilidhani alikwambia. Mimi aliniambia tu kwamba hukuipenda."

"Sikusema sikuipenda!"

"Ulisema nini?"

Maneno yale aliyajua yote kwa moyo, na hakuweza kuyatamka hata moja mbele ya dada yake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na dada hakumpa pole. Alikusanya vyombo akaenda jikoni.

Kasoro akaichukua chupa ya thelathini na moja. Ilikuwa kavu, haina harufu. Akafumba macho, akairudia ile asubuhi, maana kitu kilichopita ulimini mwake hakikupotea kamwe. Siagi ilikuwapo, mahindi yalikuwapo, alikuwa hajakosea. Lakini kabla ya siagi, mwanzoni kabisa, palikuwa na kitu kingine: ganda la chungwa. Siyo chungwa bichi. Ni ganda lililokaushwa, kama yale ambayo marehemu mkewe alikuwa akiyaanika dirishani na kuyatia kwenye chai. Alilisikia siku ile, alilijua, hata mkono ulisita kidogo. Hakuliandika kwa sababu fomu ya kichwani mwake haikuwa na mahali pa kuliandika.

Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga simu. Iliita kwa muda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, ile ya thelathini na moja. Shangazi yako ameniambia."

Nyuma ya mtoto chuma kiligongwa, kikagongwa tena.

"Ilikuwa na ganda la chungwa," Kasoro akasema.

"Ulilisikia?"

"Nililisikia kabla ya kitu chochote."

"Mbona hukuandika?"

"Haikuwa kasoro."

Mtoto akacheka, cheko fupi lisilo na furaha. "Haikuwa kasoro," akarudia.

"Kwa nini hukuniambia ni yako? Ningejua ni yako..."

"Ungeisifu."

"Ningeisifu! Wallahi ningeisifu!"

"Ndiyo maana sikukwambia, baba." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mzee. "Nilitaka neno moja zuri, la kweli. Lako ndilo nililoliamini. Siku ile niliionja tena, nikaikuta siagi palepale uliposema. Nikalimwaga pipa lote."

"Pika nyingine. Nitumie nyingine."

"Sipiki tena. Ulisema nirudi kwenye kazi ya zamani." Chuma kikagongwa. "Nimerudi. Wananiita hapa, baba. Tutaongea."

Simu ikakatika. Kasoro alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, akiyapanga yale aliyosema na yale aliyosikia, kama anavyopanga vikombe. Jikoni dada yake alikuwa akisuuza sahani. Akayapitia maneno yote, moja baada ya jingine, na kila alilosema yeye lilikuwa la bia. Mwanawe aliungua, na hakumuuliza. Katika chupa thelathini na moja hakuwahi kumuuliza analala wapi, anakula na nani. Alilia, mzee wa watu, kwa sauti, mpaka maji jikoni yakafungwa.

Akapiga tena. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga mara ya tatu.

"Kuna nini tena, baba?"

"Mkono. Ulioungua ni mkono upi?"

Kasoro akaiondoa simu sikioni kutazama kama bado ipo hewani.

"Wa kushoto."

"Unauma mpaka leo?"

"Ukipigwa na baridi tu."

"Na huko sasa kuna baridi?"

"Ipo," mwanawe akasema. "Ipo, baba. Nyingi."