Nywele Zangu na Jicho la Mama Furaha

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nywele zangu hazikuwa zangu. Zilikuwa za Bibi, mama yake baba, aliyezilea tangu tulipohamia Toronto, na kila aliyetaka kuzigusa ilibidi apitie kwake. Zilifika katikati ya mgongo. Kwa mtoto aliyezaliwa Uvira, akakulia Kigoma, kisha akaletwa Mount Dennis, ambako ndani hita inakausha kila kitu na nje baridi inakata masikio, hilo lilikuwa jambo la kusimuliwa, na lilisimuliwa. Naharakisha kidogo hapa mwanzo kwa sababu habari hii hainikalishi. Mpaka leo nikianza kuieleza huwa nasimama, nazunguka meza, nafuta mahali nilipokwisha kufuta.

Ngoja kwanza nimweleze Bibi, maana bila yeye hutaelewa kitu. Hakuwahi kwenda shule, lakini baridi ya Kanada aliisoma kwa msimu mmoja tu. Alisema sufu inakula nywele, na kweli inakula. Akachukua gauni lake la zamani, akang'oa bitana yake laini, akaishonea ndani ya kofia yangu ya sufu. Kila Jumapili jioni alinikalisha katikati ya magoti yake, akanipaka mafuta meusi ya mise, yale yanayokamuliwa kwenye kokwa za chikichi, yenye harufu inayomtangulia mtu mlangoni. Kisha akanisuka mabutu manane, akazikunja ncha na kuzifunga kwa uzi, maana ncha ndizo zinazokufa kwanza. Nikijitikisa ananigonga na kitana. "Tulia, mke mwenzangu. Mume wetu anataka nywele, hataki kipara." Na huyo mume wetu, yaani babu, alikuwa amekufa kabla sijazaliwa.

Pamoja na ufundi huo alikuwa na miiko yake. Nywele zilizotoka kwenye kitana hazitupwi ovyo, kwa sababu ndege akizijengea kiota utaumwa kichwa mpaka kiota kianguke. Zinachomwa. Kigoma zilichomwa kwenye mkaa na hakuna aliyejali. Mount Dennis, ghorofa ya tisa, Bibi alizichomea kwenye jiko la umeme. King'ora cha moshi kikalia, jirani Mreno akaja kugonga, mama akapanda juu ya kiti kukipepea kwa taulo, huku Bibi akiuliza ni nani aliyeweka kitu cha kuwatangazia watu mambo yetu. Mwiko mwingine ulisema kichwa kilicholowa hakitoki nje. Na upo mmoja uliotuharibia maisha: mtoto mwenye nywele hasifiwi hadharani. Anayesifu lazima amalizie na "Mungu amlinde". Asiposema, jicho lake linabaki kwenye nywele na linazila.

Mama Furaha alikuwa rafiki wa mama, na nikisema rafiki sina maana ya mtu wa kusalimiana kanisani tu. Mama hakuwa na mwingine. Baba alikuwa dereva wa malori, wiki nzima yuko barabarani. Mama na Mama Furaha walifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kufungasha mboga, zamu ya alfajiri, na mwenye gari alikuwa Mama Furaha. Saa kumi na moja alipiga honi moja chini ya dirisha letu, mama akashuka mbio na chupa ya chai. Humo garini walicheka. Najua, kwa sababu mama alirudi na vicheko hivyo mpaka nyumbani, akatusimulia nusu na nusu akaificha. Mama Furaha alikuwa mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara, na mdomo wake haukuwa na breki. Nilimpenda sana.

Krismasi ile, baada ya ibada, tulikuwa tunakula kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, nami nikavua kofia. Mama Furaha akayakusanya mabutu yangu, akayainua juu watu waone. "Jamani, hizi ni nywele au mto Rusizi? Zawadi, wewe utatuzamisha." Watu wakacheka. Mama akacheka, mimi nikacheka. Bibi hakucheka. Alikuwa anangoja yale maneno mawili ya mwisho, na Mama Furaha akaenda zake kuongeza wali.

Katikati ya Januari nywele zikaanza kukatika. Zilianza nyuma, juu ya shingo, halafu pembeni. Kitana kikawa kinatoka na mafungu. Bibi akayapanga juu ya kitambaa cheupe, akamwita mama. "Angalia. Si nilisema?"

Sasa niseme nilichokijua mimi peke yangu mle ndani. Kila Jumatano mchana, tangu Novemba, darasa letu lilikuwa linajifunza kuogelea kwenye bwawa lililokuwa mtaani kwetu. Barua ya ruhusa nilimpelekea mama nikamwambia ni ya michezo, akatia sahihi. Ile kofia ya kuogelea haikuweza kumeza mabutu manane, kwa hiyo nililowa mpaka mizizi, na maji yale yana dawa inayokausha nywele. Kulikuwa na mashine za kukaushia, lakini foleni yake ilikuwa ndefu, nami subira sina hata leo. Nilitoka nje hivyo hivyo, kofia ya Bibi mkononi, kwenye baridi ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Kabla sijafika kwenye taa za barabarani mabutu yalikuwa yamekwisha kuganda. Hapo ndipo palipokuwa na raha. Niliyakunja yakalia ka, ka, kama vijiti vikavu, na mwenzangu wa darasani, binti wa Kijamaika, naye akayakunja, tukacheka mpaka tumbo likauma. Nikifika nyumbani yameyeyuka. Nayafuta kwa fulana, naongeza mise, na harufu ya mise inafunika kila kitu.

Kwa hiyo nilipoyaona yale mafungu juu ya kitambaa, nilijua ni bwawa. Sikuwa na shaka hata kidogo. Lakini nyumbani na shuleni nilikuwa mtoto wa kuambiwa tulia, na ndani ya maji hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimeshajua kuelea chali. Ningefungua mdomo, Bibi angenikatalia bwawa siku hiyo hiyo. Nikanyamaza. Nilidhani Bibi atachoma nywele zake, atasema maneno yake, yatakwisha.

Hayakuisha. Kwetu, aliyesifu bila kuomba ulinzi anaitwa aje ateme mate kidogo juu ya kichwa cha mtoto, aseme kama ni jicho lake liondoke. Kijijini si jambo kubwa. Mtu anaitwa, anatema, anakunywa chai, anakwenda zake. Hapa tulikuwa wachache, tunasali mahali pamoja, na kumwita mtu kwa shughuli hiyo ni kumwambia mbele ya wote kwamba ana jicho. Mama alilijua hilo.

"Mama, nitamwambiaje?" alimuuliza Bibi. "Huyu ndiye anayenipeleka kazini. Huyu ndiye mtu niliye naye hapa."

Bibi hakupaza sauti. "Kama huwezi wewe, nitamwambia mimi, Jumapili, kanisani."

Siku tatu mama alizunguka ndani ya nyumba akishika hiki na kuacha kile. Nami nikazunguka nyuma yake. Mara mbili nilimfuata jikoni nimwambie. Mara mbili nilifungua mdomo, nikaomba maji ya kunywa.

Siku ya nne alimwambia, garini. Jumamosi Mama Furaha akaja. Hakuvua koti. Alisimama sebuleni, buti zake zikidondosha theluji kwenye zulia, na hakuna aliyethubutu kumwambia azivue. Nilipiga magoti mbele yake. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akatema mara tatu, kidogo kidogo, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo: "Kama ni jicho langu, liondoke. Mungu amlinde." Halafu hakuniachia. Aliendelea kunishika, akanitazama usoni, kwa muda. Mimi nikatazama vifungo vya koti lake.

Akamgeukia mama. "Nimemaliza?"

Mama alikuwa analia. Aliyejibu ni Bibi. "Asante, mwanangu. Kaa unywe chai."

Mama Furaha akasema gari ameliacha pabaya, akatoka.

Jumatatu honi haikulia. Mama alisimama dirishani na chupa yake ya chai, amevaa kila kitu mpaka glavu, dakika ishirini nzima. Kisha akaenda kutafuta basi. Yalikuwa mabasi mawili, na la pili lilichelewa kila siku. Aliendelea hivyo msimu ule wa baridi, na uliofuata, na mingine mingi. Alirudi na midomo iliyopasuka na hakuwa na vicheko vya kutusimulia. Mimi nilizoea kuamka saa kumi na moja bila kuamshwa, nikalala macho nikiusikiliza mlango ukifungwa.

Na unajua lililokuwa baya zaidi? Masomo ya kuogelea yalikwisha mwisho wa Januari. Nywele zikaacha kukatika. Kufika Pasaka pale nyuma palikuwa pameota upya, Bibi akapagusa kwa kidole akasema, "Mmeona?" Nani angebisha? Mama mwenyewe aliona kwa macho yake. Habari zikafika kanisani, na wanawake wakaanza kuwashusha watoto kofia Mama Furaha akipita. Mwaka uliofuata akahamia Pickering, mji wa nje ya Toronto. Bibi alifariki akiamini kwamba aliniokoa.

Msimu huu wa baridi tulikwenda msibani huko Pickering, mimi na binti yangu Neema, mwenye miaka minane na nywele kama zangu za wakati ule. Wanawake wakamzunguka, huyu anasifu, yule anagusa, naye anawajibu kwa Kiingereza. Mama Furaha alikuwa amekaa pembeni. Amekonda, ana fimbo. Nilimwona anamtazama mwanangu, akanyoosha mkono kidogo, kisha akaurudisha kwenye mapaja. Mwanamke mmoja akamwambia, "Mama Furaha, umeziona hizi nywele?"

"Mimi watoto wa watu siwasifii," akasema, akicheka, na wengine wakacheka naye kama wanaoijua hiyo kauli yake.

Sikuweza kukaa. Alipoinuka kwenda kuchukua koti, nikamfuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Zawadi."

Sikungoja hata anijulie hali. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, bwawa, barua, nywele zilizoganda, kwamba halikuwa jicho lake, halikuwa lake kamwe.

"Najua," alisema.

Akachukua koti lake, akaingiza mkono mmoja.

"Nilikuona kwenye taa, siku moja, natoka kazini, nimeshamshusha mama yako. Huna kofia, nywele zimekuwa barafu, unazikunja na mwenzio mnacheka. Nikasema huyu Bibi yake akimwona atamuua. Halafu taa zikaniruhusu, nikaondoka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mwanangu? Nimeshaitwa mwenye jicho, halafu nimsingizie mtoto? Nilijua utasema mwenyewe. Siku ile nimekushika kichwa, nilikuwa nakungoja."

Nililia pale kwenye makoti ya watu. Nilimwomba msamaha, akanipigapiga mgongo, akasema yamepita. Akajifunga skafu taratibu, vidole vyake havikunjiki vizuri siku hizi. Ndipo akasema, "Lakini anayetakiwa kuambiwa si mimi. Mimi nilikuwa najua miaka yote hii. Kamwambie mama yako."

Kwa miaka mingi nimewasimulia watu habari hii kama kichekesho cha Bibi, na king'ora chake, na ndege wake. Nilimbebesha yeye kila kitu, kwa kuwa hayupo wa kujibu. Lakini Bibi alisema alichokiamini, na aliniogopea mimi tu. Kuhusu baridi na nywele alikuwa sahihi karibu kwa kila jambo, na yote hayo namfanyia Neema sasa, bitana, mafuta, ncha za kukunjwa. Mle ndani mtu mmoja tu alijua ukweli, akanyamaza ili asikose Jumatano zake. Utoto unanitetea kwa mwaka mmoja, labda miwili. Nilipokuwa na miaka ishirini sikuwa mtoto, na mama bado alikuwa anapanda basi gizani.

Nilitoka Pickering nikaenda moja kwa moja Mount Dennis, Neema amelala kiti cha nyuma. Mama alinifungulia, na kabla hajaniuliza chai nikamwambia, nimesimama, koti mwilini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alikaa, akasugua goti lake kwa kiganja.

"Alikuona," akasema. "Na hakusema."

"Hakusema."

Akaniuliza kama gari lina mafuta ya kutosha kufika Pickering. Nikasema yapo. Akainuka, akaenda kutafuta koti lake.