Kumi Juu ya Kumi

Mayimuna, fundi wa kushona wa Kikula, mtaa wa mji wa migodi ya shaba, alianza kuogopa maswali mwaka 1973. Mwaka huo mumewe Aruna, dereva wa lori, alisema gerejini kwamba shaba inapanda treni na wao wanabaki na vumbi. Jioni hiyohiyo watu wa usalama walimchukua. Alirudi baada ya miezi minne, meno mawili pungufu, na tangu hapo hakuzungumzia kitu zaidi ya mvua na jua.

Mwaka uliofuata redio ilitangaza kwamba bei ya shaba imepanda tena, nchi haijawahi kutajirika hivyo. Asubuhi moja kijana aliyevaa abakosti, suti isiyo na tai ya watu wa serikali, akabisha hodi, daftari mkononi, akamwita "mwananchi" kwa Kifaransa kama serikali ilivyoagiza.

"Citoyenne, natoka ku université. Tunataka kujua: mali ya inchi ikipanda, furaha ya batu nayo inapanda? Kutoka moja mpaka kumi, weye unajisikia je?"

Mayimuna alimtazama viatu. Vyeusi, vipya. Mwanafunzi gani huyu? Nyuma ya pazia Aruna alikohoa mara moja, na mkewe akaelewa.

"Kumi."

"Na chakula?"

"Kumi."

"Lakini bunga inapanda bei, hapana?"

Hapo kalamu haikusogea. Swali hilo la unga halikuwa kwenye karatasi.

"Bunga iko muzuri," akasema Mayimuna. Jana yake walikuwa wamelalia chai.

Kijana akafunga daftari. "Mama, nimepita nyumba makumi ine. Bote banajibu kumi. Hata kule kwa jirani yenu kwenye kilio, batu bako chini banalia, na banasema kumi. Miye nitaandika nini?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, na Mayimuna nusura amhurumie. Akajizuia. Huruma nayo ingeweza kuwa mtego.

"Na weye, mutoto yangu? Furaha yako ni ngapi?"

Kijana aligeuka akatazama mlango, kisha dirisha, kisha pazia, ambako mtu alikuwa amekohoa.

"Kumi," akajibu polepole.

Mayimuna alimpa chai. Aliinywa amesimama, akashukuru, akaenda zake.

"Ni mwanafunzi kweli?" Aruna akauliza.

"Sijui."

Mwaka mmoja baadaye bei ya shaba ikaporomoka. Mayimuna alingoja mtu aje kuuliza upya, hakuja yeyote. Alishona sare za shule hadi uzeeni, na mteja akimwuliza anajisikiaje, alimpima kwanza kwa macho kabla ya kufungua kinywa.