Mheshimiwa Asante na Josho Kavu

Mwenye ng'ombe yeyote upande ule aliijua sauti ya Mama Josho kabla ya kuijua sura yake. Enzi josho lilipokuwa na dawa, alisimama ukingoni mwa lile shimo refu la saruji, gauni kalifunga kamba kiunoni, fimbo ya panda mkononi. Ng'ombe akiruka ndani na kujifanya fundi wa kuogelea, shingo juu kama bibi harusi anayeogopa kuharibu nywele, Mama Josho alimkandamiza kisogo kwa ile panda akamzamisha mpaka pembe.

"Na masikio, mama. Kupe hapangi mgongoni tu," alimwambia ng'ombe, si mwenye ng'ombe.

Kazi ile aliirithi kwa mumewe. Mume alipofariki, kamati ya josho ilikaa kutafuta mwanamume wa kushika fimbo. Wa kwanza aliteleza akaoga yeye badala ya ng'ombe. Waliofuata walipata udhuru, huyu mgongo, yule msiba. Mama Josho akaichukua fimbo bila kuombwa, na hakutokea wa kumnyang'anya.

Sasa josho lilikuwa kavu tangu mvua za mwaka jana. Chini kulijaa majani makavu, kiatu kimoja kisicho na mwenyewe, na kuku aliyeona ni mahali pazuri pa kutagia. Fimbo ilikuwa imeegemezwa nyuma ya mlango nyumbani, na Mama Josho alikuwa amebaki na ng'ombe wake mmoja, Kidoti, mweusi mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Maziwa ya Kidoti yalikuwa na mtu wake. Binti wa Mama Josho alikuwa ameshika mimba nyingine mapema mno, ziwa likakauka, na yule mjukuu wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika miguu ya meza, akawa wa kulelewa kwa uji wa maziwa. Akiisikia ndoo tu inagonga mlango wa zizi, anaacha meza, anaanguka kwa makalio, anacheka. Mama Josho alikuwa haombi kitu kingine duniani zaidi ya kuendelea kuusikia ule mwanguko kila asubuhi.

Lakini ndigana ilishaingia kwa majirani. Ng'ombe anaamka amevimba tezi chini ya sikio, kesho hali, keshokutwa watu wanachimba shimo. Na ndigana haiji kwa upepo, huletwa na kupe. Kwa hiyo kila alfajiri Mama Josho na binti yake walipiga magoti zizini, mmoja huku mmoja kule, wakimchambua Kidoti kama mtu achambuavyo mchele, chini ya mkia, ndani ya masikio, kwenye mapaja. Kupe waliwatia kwenye kopo, kopo wakalimwaga motoni.

Afisa mifugo alikuwa amewaambia wavumilie, dawa yao imeshatengwa, inakuja. Walivumilia.

Siku moja Mama Josho alikuwa kwenye mashine ya kusaga, debe lake la mahindi likiwa la pili kwenye foleni, wakati msagaji alipozima mashine. Umeme ulikuwepo na mkanda ulikuwa mzima. Alizima kwa sababu mbunge wao alikuwa anataka kusema redioni, na msagaji alikuwa shabiki wake wa kufa na kuzikana.

"Sisi unga tutasaga na hotuba?" aliuliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Nyamaza, shemeji. Mtu wetu huyo."

Mtu wao akaanza. Mheshimiwa Spika, nikushukuru wewe kwa kunipa nafasi. Nimshukuru Waziri, nimshukuru Naibu wake, niwashukuru watendaji wote wa wizara kwa uchapakazi. Nimshukuru mke wangu mpendwa. Niwashukuru wapiga kura wangu, wakulima na wafugaji hodari. Kengele ya kwanza ikalia bado yuko kwenye shukrani. Hapo akakumbuka kwamba siku ile walikuwa wanajadili kilimo na mifugo, akapandisha sauti.

"Na kwa namna ya pekee, Mheshimiwa Spika, nimshukuru Waziri kwa dawa ya josho. Wafugaji wangu wamenituma, wanasema asante sana. Ng'ombe wanang'aa. Naunga mkono hoja."

Makofi. Kengele. Msagaji naye akapiga makofi, mikono imejaa unga, wingu jeupe likampanda usoni.

Watu wakamgeukia Mama Josho.

"Dawa gani?" akasema.

"Hiyo ni mbinu," msagaji akawaelimisha. "Kushukuru ni kuomba mara ya pili. Anamshukuru Waziri kwa kitu ambacho bado hajaleta, Waziri anaona haya, anakileta. Siasa hiyo, mama zangu. Sio ya kila kichwa."

"Daraja alishukuru hivyohivyo," akasema yule mwenye mtoto. "Limekuja?"

"Linakuja."

"Na nesi wa pili wa zahanati?"

"Nesi naye..." Msagaji akawasha mashine.

Mama Josho hakushangaa sana. Mbunge alisoma naye dawati moja mpaka darasa la saba. Tangu enzi hizo alikuwa na ulimi uliopakwa samli. Mwalimu akiinua fimbo, yeye aliinama haraka na kusema, "Asante mwalimu kwa kunirekebisha," hata kabla ya kupigwa, na mwalimu, roho ikishalainika, anampiga moja ya kupangusa vumbi. Wengine walichapwa zao na zake. Mtoto yule aligundua mapema kwamba asante ni ngao, na tangu hapo hakujifunza kitu kingine. Shule ilimaliza kazi yake siku ile. Watu wakamwita Asante, akakua nalo, akaoa nalo, akachaguliwa nalo, na sasa aliongezewa Mheshimiwa mbele kama kofia juu ya kibuyu.

Kesho yake akaenda ofisi ya afisa mifugo, chumba chenye dirisha moja lililoziba kwa mzigo wa vyandarua vya idara nyingine. Afisa, kijana mpole mwenye shati lililochakaa kola, hakumtazama machoni.

"Mama, dawa yenu ilikuwa inapakiwa. Nilikuwa nasubiri gari tu. Jana jioni nikapigiwa simu kutoka juu. Wanasema nyie mmeshapata."

"Tumepata wapi?"

"Mbunge wenu ameshukuru bungeni. Yameshasemwa pale, wakubwa wote wamesikia. Nikileta sasa itaonekana nimewapa mara mbili, nitaulizwa ya kwanza nimeuzia nani. Imeelekezwa kata nyingine."

Mama Josho akaegemea meza.

"Mwanangu, kwa hiyo angenyamaza tungepata?"

"Angenyamaza, mama, leo mngekuwa mnaogesha."

Mwisho wa wiki Mheshimiwa akarudi nyumbani kwake. Mama Josho alivaa viatu, akaenda. Sebule ilikuwa na makochi ambayo bado yamevikwa nailoni, ukikaa yanalalamika. Kwenye televisheni Mheshimiwa alikuwa anaonekana akihutubia, na Mheshimiwa mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake anajitazama, midomo ikicheza pamoja na ile ya kwenye kioo. Kupitia dirisha la nyuma Mama Josho aliwaona ng'ombe wa Mheshimiwa, wanene, na mfanyakazi amebeba bomba la kunyunyizia mgongoni, anawapulizia dawa mmoja mmoja. Hao kweli walikuwa wanang'aa.

"Dada yangu wa dawati moja," akasema Mheshimiwa. "Asante kwa kuja. Nilikuwa nakutafuta."

"Mimi ndiye niliyekutafuta. Rudi kule ukaseme dawa haijafika."

Akacheka, kile kicheko cha mtu mzima kwa mtoto. "Nikisema haijafika nitakuwa nimemwita Waziri mwongo."

"Waziri hajasema kitu. Uliyesema ni wewe."

"Dada, siasa ina ngazi zake. Nimemvika kilemba, sasa atajitahidi kichwa kiwe cha kukitosha."

"Ukoka ule, kaka. Umemvika kilemba cha ukoka, na ng'ombe wetu ndio wanaokula ukoka wenye kupe."

Hakulisikia. Watu wa aina ile masikio yao ni mapambo. Akamwambia jambo alilomtafutia. Wizarani walikuwa wamefurahishwa sana na zile shukrani, maana huko wanazoea kulaumiwa, na sasa mkubwa mmoja alikuwa anakuja Alhamisi kuliona hilo josho la mfano. Maji yatajazwa na matangi, yatatiwa kitu cha kuyabadilisha rangi. Ng'ombe watatoka zizini kwake. Wanaoshika fimbo wapo wengi, ila uso wa Mama Josho ndio unaojulikana. Kazi yake itakuwa kusimama pale, aulizwe josho linafanya kazi, aseme ndiyo.

"Na wewe sitakuacha hivihivi." Akamwita mfanyakazi, akaletewa chupa ya dawa, akaiweka juu ya meza kati yao. "Kwa ajili ya Kidoti. Nimesikia mjukuu anategemea maziwa."

Mama Josho aliitazama ile chupa, na nisiseme uongo, mkono ulimwasha. Alimwona mjukuu ameachia meza, anaanguka, anacheka. Chupa moja ingemtosha Kidoti msimu mzima. Kisha akaipeleka hesabu mbele kidogo. Akisema ndiyo Alhamisi, josho limekwisha milele, kwa sababu hakuna serikali inayotia dawa mahali inapoambiwa na mwenye josho kwamba ipo. Chupa itaisha. Kupe hawaishi. Na mwakani atarudi kwenye kochi hili la nailoni kusema ndiyo nyingine.

"Dawa yako baki nayo," akasema. "Alhamisi nitakuja. Na kwa kuwa kuna mgeni, sitakuja mikono mitupu. Nitaleta..."

"Asante sana, dada," Mheshimiwa akadakia, mikono kifuani. "Asante sana. Nilijua hutaniangusha."

Hata hakusubiri kuambiwa ataletewa nini.

Tangu siku ile kopo halikumwagwa tena motoni. Binti yake alipouliza, Mama Josho alisema, "Leo tunaweka akiba." Akawaambia na majirani wawili watatu, nao wakaleta za kwao. Asubuhi ya Alhamisi kopo lilikuwa limefika shingoni. Akalifunga mdomo kwa kitambaa safi cheupe na uzi, vile asali inavyofungwa, akalibeba kwa mikono miwili.

Pale joshoni palikuwa na turubai, viti, kipaza sauti kinachokohoa. Maji ya rangi ya chai ya rangi yalikuwa yamejazwa, yule kuku kahamishwa. Mgeni kutoka wizarani, mwanamke mnene aliyevaa viatu vya chini kama mtu ajuaye anakokwenda, alikuwa anayatazama yale maji na kuvuta pua. Dawa ya josho ina harufu inayokaa kwenye nguo mpaka zifuliwe. Pale palinuka maji tu.

Mheshimiwa alishika kipaza sauti. Akamshukuru mgeni, akamshukuru dereva wa mgeni, akalishukuru jua kwa kuwaka. Alipomwona Mama Josho anasogea na kopo, uso ukamchanua.

"Mgeni wetu, unaona? Huyu ndiye mwenye josho. Wafugaji wamekuletea asali ya kushukuru dawa. Kwa niaba yao nasema asante."

"Mheshimiwa," Mama Josho akaanza, "hiyo si..."

"Asante, dada, asante." Alikuwa ameshalichukua. Mpiga picha akasogea. Mheshimiwa akafungua kitambaa huku anamtazama mpiga picha, akakaza tabasamu, akachovya kidole ndani, kirefu, kama mtu anayetaka kuonja mbele ya mgeni kuonyesha haina sumu.

Kidole kilipotoka kilikuwa kinatembea.

Hakupiga kelele. Alibaki ameganda, tabasamu bado lipo usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, kupe wadogo wanapanda kwenye kifundo, wanatafuta mkono wa shati. Kisha akaanza kujikung'uta, kopo likaanguka miguuni kwake, na viti vya mbele vikabaki vitupu. Msagaji, aliyekuwa amekaa cha kwanza kabisa, alionekana kwa mbali.

Mgeni peke yake hakukimbia. Aliinama, akalitazama kopo.

"Hawa wametoka wapi, mama?"

"Kwa ng'ombe wetu, hao tunaowashukuria," Mama Josho akasema. "Asubuhi hii, na asubuhi za juzi. Dawa haijafika. Iliishia njiani kwa sababu tulisemewa asante mapema."

Mgeni akamgeukia Mheshimiwa, ambaye sasa alikuwa amepandisha suruali mpaka gotini anakagua shavu la mguu.

"Ni kweli?"

Na huyo mtu, kupe shingoni, mbele ya kata nzima, alikuta kinywani mwake neno moja tu, lile alilolijua tangu dawati.

"Nikushukuru, mgeni wetu," akasema, "kwa kujionea mwenyewe."

Dawa ilifika kabla ya mvua. Afisa mifugo aliileta mwenyewe, amekaa juu ya madumu nyuma ya gari kama mtu anayelinda mwali. Ng'ombe wawili wa majirani hawakuiwahi. Kidoti aliiwahi. Mama Josho akaitoa fimbo nyuma ya mlango, akamzamisha Kidoti wa kwanza kabisa, mpaka pembe, na masikio.

Jioni, ndoo ilipogonga mlango wa zizi, mjukuu aliachia meza. Safari hii hakuanguka. Alisimama akiyumba, akajitazama miguu, akaonekana kama anayedai maelezo.

Huko kwenye mashine ya kusaga redio ilikuwa inaongea tena, na Mheshimiwa alikuwa anaishukuru serikali kwa bwawa la umwagiliaji. Wakulima wa bondeni, waliokuwa wameahidiwa hilo bwawa mwakani, walisimama kwenye foleni wakasikiliza. Hatimaye mmoja akamgeukia Mama Josho, kofia mkononi, kwa adabu zote.

"Mama," akasema, "lile kopo bado unalo?"