Mtoto Hakabidhiwi kwa Faili

Bi Buti alikuwa na kanuni moja: afisa anayeondoka humchukua anayempokea kazi na kumpeleka kwa kila mtoto, mlango kwa mlango, wakaonana uso kwa uso. Aliishika kanuni hiyo miaka kumi na mitatu, katika ofisi ya ustawi wa jamii ambako maafisa walipita kama abiria wa stendi.

Jina la Bi Buti alipewa na watoto, kwa mabuti ya mpira aliyovaa masika na kiangazi.

"Hata leo na jua hili, dada?" dereva wa ofisi alimtania.

"Tope halipigi hodi, mdogo wangu."

Mwaka wake wa mwisho waliondoka sita. Kila mmoja aliacha faili zake mezani kwa Bi Buti, hadi binti yake akamwambia, "Mama, siku hizi unarudi kwako kama mgeni. Tukukaribishe kiti?" Wiki ile akaandika barua ya kuacha kazi.

Alizunguka na afisa mpya siku nyingi, akibakiza mtoto mmoja: msichana wa miaka minane aliyelelewa na shangazi yake. Maafisa watano walikuwa wamempitia. Siku ya kwanza walipokutana alimwuliza Bi Buti, "Na wewe unaondoka lini?"

"Nikiondoka, nitakuja kukuaga."

Ilichukua mwaka mzima mtoto yule kumwamini.

Ijumaa ya mwisho gari lilikuwa tayari. "Twende, dada?" aliuliza afisa mpya.

"Nimechoka, mdogo wangu. Huyu nimemwandikia kila kitu. Utamsoma."

Alisingizia uchovu. Ukweli ni kwamba aliuogopa uso wa mtoto yule, na woga ukipewa jina zuri haugeuki kuwa wema.

Aliandika kurasa nne. Jambo moja hakuliandika, kwa kuwa alilizoea hata akasahau kwamba wengine hawalijui: msichana yule husema kila siku kwamba hajambo, lakini akiwa amepigwa na shangazi hulaza kichwa kwenye bega la kushoto, kuficha sikio.

Afisa mpya alimtembelea.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo. Shangazi ananipenda." Kichwa kilikuwa begani.

Afisa mpya akaandika: *Ana haya kidogo. Yuko salama.* Miezi minne baadaye naye akaacha kazi. Faili ikalala kwenye droo wiki saba, bila mwenyewe, mpaka mwalimu wa shule alipopiga simu kwamba msichana amelazwa hospitali.

Bi Buti alipopata habari alikwenda hospitali. Akavuta kiti karibu na mto.

"Zunguka upande wa pili, mama," nesi alimwambia. "Huko hakusikii."

Akazunguka. Mtoto akamtazama, akatazama mabuti.

"Ulisema utakuja kuniaga."



Sikio la kushoto la msichana yule halisikii, na madaktari wamesema halitasikia tena.