Rangi Chini ya Bolti

Saa tatu asubuhi, ndani ya banda la mabati, fundi umeme wa magari ambaye mtaa mzima unamwita Cheche amezamisha kichwa kwenye injini ya gari dogo jeupe. Mwenye gari, mwalimu wa sekondari, yuko kwenye usukani na ameshachelewa kipindi cha kwanza.

"Washa taa," anasema Cheche. Taa zinawaka vizuri. "Haya, piga stata."

Inasikika "tak" moja tu, kisha gari zima linazimika: taa, redio, hata saa ya dashibodi.

"Betri imekufa, eti fundi?"

"Usiizike kabla sijaipima, mwalimu."

Anaipima, ni nzima. Fundi mwingine hapo angekimbilia kushusha stata. Yeye anaufuata waya mweusi kutoka kwenye betri hadi unapofungwa kwenye bodi ya gari, anafungua bolti, anasugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, anafunga tena. Gari linawaka mara moja. Kazi nzima imechukua dakika kumi na mbili.

"Taa zinakunywa umeme kijiko tu," anaeleza huku akifuta mikono. "Stata inataka ndoo. Umeme ukizibiwa njia ya kurudi, kwa kutu au kwa rangi, kijiko kitapita, ndoo haipiti."

Kwa siku anapata magari manne, siku mbaya moja. Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa na sifa zake zimevuka mitaa mitatu. Lakini ukimsifia, anageuza uso.

"Ujuzi huu nimeununua ghali," anasema. "Umenigharimu ndugu yangu."

Miaka sita iliyopita banda hili lilikuwa la watu wawili: yeye na mdogo wake wa kiume, tumbo moja. Muuguzi mmoja, mteja wao wa siku nyingi, alileta gari lake. Mdogo mtu akafunga betri mpya. Cheche, kwa kupenda usafi, akafungua nyaya, akakwangua kutu kwenye chumba cha injini na kupaka rangi nyeusi.

Baada ya siku mbili muuguzi alirudi akivutwa kwa kamba. Kila akipiga stata, gari linazimika lote. Mafundi wa jirani wakasogea kutazama, maana shida ya mwenzio haina kiingilio.

"Mdogo wangu akaniambia, 'Kaka, tufungue kwanza waya wa bodi.' Nikamwambia nyamaza. Nikasema ameuza betri mpya ya mteja, akabandika karatasi yake kwenye betri kuukuu. Nilimwita mwizi, na watu wote pale walisikia."

Kisha Cheche akanunua betri nyingine kwa pesa yake, na alipoifunga akakaza pia bolti ya waya wa bodi, bila kuifungua. Gari likawaka. Kwa kila aliyekuwepo, huo ukawa ushahidi. Mdogo wake alinawa mikono, akakunja ovaroli, akaondoka. Siku hizi analinda ghala katika mji mwingine.

Mwaka jana gari la muuguzi lilirudi na ugonjwa uleule. Safari hii Cheche alifungua bolti. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na rangi nyeusi, aliyoipaka kwa mkono wake mwenyewe. Betri ya kwanza haikuwa na kosa; kilichowasha gari siku ile ni kule kukaza bolti.

"Nilikaa chini. Muuguzi akaniuliza kama nimepigwa shoti."

Ilimchukua miezi miwili kupiga simu. Alijiandaa kwa matusi, na anasema angeyapokea kwa shukrani. Mdogo wake alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amemsamehe. Kisha akaongeza: "Lakini kaka, nilikuwa nikienda kumwona mama, anasogeza pochi yake chini ya mto. Mpaka anakufa, alikuwa anaficha."

Mama yao hakuisikia habari ile mtaani. Cheche ndiye aliyempelekea, jioni ya siku ileile, akiwa bado na hasira.

Jumapili ijayo ndugu wote watakutana kwa shangazi yao. Cheche amemwomba muuguzi aje ashuhudie, na amekubali. Anatumaini mdogo wake atarudi kazini. Akikataa, anasema, hatamlaumu.

"Nitawaambia wote, mmoja mmoja," anasema. "Ila yule niliyemwambia wa kwanza, ndiye siwezi kumwambia tena."